Jenereta ndogo kambini Lamu na Malindi: tunaizuiaje isibebwe usiku?

Mpiga_Hema_MLD

Salaam wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua, si wa kukisia.

Jenereta ni ya inverta, kVA 2, petroli, kilo 21 tanki likiwa tupu, ganda la plastiki na mpini mmoja juu. Safari inatoka Malindi kwa gari hadi Mokowe, gari inabaki hapo, kisha boti hadi Manda na hema ufukweni. Tukirudi tutalala Marafa karibu na Nyari, lile bonde la makorongo yaliyomomonyoka, na usiku wa mwisho Mambrui. Kwa hiyo nataka ulinzi unaofaa penye gari na pasipo na gari.

Nifunge na kitu gani? Nifunge kwenye nini wakati pale ni mchanga mtupu? Ving'ora na traka (vifaa vya kufuatilia kitu kilipo) vinasaidia au ni mapambo? Na kwenye boti mnafanyaje?

FundiKufuli_Langoni

Waalaikum salaam ndugu. Tuanze na mwizi mwenyewe, maana ndiye anayeamua unene wa mnyororo. Kilo 21 ni mzigo wa mtu mmoja, anautia begani na anatembea. Wengi wanaochukua jenereta kambini hawakuja na mpango. Wamesikia mlio jioni, wameona taa, wamerudi saa nane usiku na kisu, koleo, pengine msumeno wa chuma. Wa daraja la pili ana mkasi wa boliti. Wa daraja la tatu ana grenda ya betri, na huyo hakuna mnyororo wa kubebeka utakaomshinda, ila mlio wa grenda kwenye chuma unaamsha kijiji. Jenga ulinzi wa kumshinda wa pili, wa tatu muachie masikio yenu.

Mnyororo unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa, ule wa kung'aa wa milimita 6 au 8, ni chuma laini. Mkasi wa boliti wa inchi 24 unaukata bila jasho. Unachotafuta ni mnyororo wa chuma kilichokazwa kwa moto, viungo vyenye pembe badala ya mviringo ili taya za mkasi ziteleze. Milimita 10 ndiyo kiasi cha chini, 12 au 13 ndiyo inayoushinda mkasi wa kawaida wa mkono. Hesabu uzito pia: wa milimita 10 ni kama kilo 2.2 kwa mita, wa 12 unapita kilo 3. Kwa safari ya boti na kutembea, 10 yenye urefu wa mita 1.5 ni mapatano mazuri. Kama gari ipo mwanzo hadi mwisho, chukua 12.

Usiamini maandishi ya pakiti. Nenda dukani na tupa (chuma cha kukwaruzia na kunolea) mfukoni, mwombe mwenye duka ruhusa ukwaruze kiungo kimoja. Chuma laini tupa inakiuma na kuacha unga. Kilichokazwa tupa inateleza kama iko juu ya kioo. Waya wa chuma uliosukwa na kuvikwa plastiki, ule wa baiskeli, achana nao kwa usiku. Unakatwa uzi mmoja mmoja kwa koleo dogo, kimya kimya.

Kufuli sasa. Hapa pwani kuna mvutano ambao watu wa bara hawaujui. Kufuli yenye upinde wa chuma kilichokazwa ni ngumu kukata lakini chumvi inaila. Ya shaba yenye upinde usioshika kutu inadumu, ila upinde wake ni laini zaidi. Kwa safari fupi chagua ngumu na uitunze. Kwa jenereta inayokaa kwenye boti mwezi baada ya mwezi, chagua shaba pana, milimita 50 kwenda juu, na uizibe upinde usionekane sana. Na kabla hujalipa, ingiza viungo viwili vya mwisho vya mnyororo wako kwenye ule upinde. Wengi hufika kambini ndipo wanagundua kimoja tu ndicho kinachoingia.

Tundu la ufunguo litazame chini. Kila asubuhi suuza kufuli kwa maji baridi ya kunywa, kausha, kisha pulizia silikoni au teflon kavu. Oili ya injini usitie kabisa. Mchanga wa Manda ukikutana na oili ndani ya kufuli unakuwa kama simenti, na utakuja kuikata kufuli yako mwenyewe.

La mwisho, ufungaji. Mnyororo mrefu unaolala chini ni zawadi kwa mwizi. Anaweka mkono mmoja wa mkasi ardhini na kuukalia wa juu kwa uzito wote wa mwili. Funga ukiwa mfupi, umekazwa, na kufuli iwe juu ya usawa wa goti au ijifiche kati ya jenereta na nguzo, mkasi ukose pa kuegemea.

Mpiga_Hema_MLD

Shukran fundi. Sasa mnyororo upite wapi? Mpini ni wa plastiki.

Weldingi_KisumuNdogo

Hapo ndipo watu wengi hupoteza jenereta huku mnyororo wao ukibaki mzima. Mpini wa plastiki wa inverta msumeno unaumaliza ndani ya dakika moja, na ganda limeshikwa kwa skrubu za kawaida. Mwizi hajali mpini umevunjika, injini ndiyo pesa.

Dawa yake ni kitanda cha chuma. Geuza jenereta, petroli na oili vikiwa vimeondolewa. Utakuta miguu minne ya mpira, na kwenye nyingi miguu hiyo imefungwa kwa boliti zinazoingia kwenye sehemu imara ya chini. Pima umbali kati ya mashimo, toboa kadibodi kama kielelezo, mpelekee fundi wa kuchomelea. Usimpelekee vipimo vya kichwani, milimita 3 tu zikikosewa boliti haziingii na atalazimisha.

Atumie chuma cha pembe cha milimita 40 kwa 40, unene wa 4, fremu ya mstatili inayozidi jenereta kwa sentimita 3 kila upande. Juu yake ipite mikono miwili ya chuma bapa cha 40 kwa 5, mmoja mbele mmoja nyuma, ikutane juu ya ganda na kufungwa kwa boliti za M10. Kwenye kona ya fremu achomelee pete ya nondo ya milimita 16, kipenyo cha ndani sentimita 4 ili mnyororo upite. Pete ichomelewe mzunguko mzima, si nukta mbili. Nukta mbili zinapasuka kwa nyundo.

Boliti zenyewe ziwe za kichwa cha funguo ya pembe sita ya ndani. Ukishakaza, gongea gololi ya chuma inayobana ndani ya lile tundu na uifunike kwa gundi ya epoksi. Siku ya kufanya huduma utaichokoa kwa taabu, lakini utaichokoa. Mwizi gizani hataiweza. Ile miguu ya mpira usiitupe, ibaki kati ya jenereta na fremu. Ukiondoa mpira, mtetemo unalegeza nati zote, na plastiki inapasuka kwenye mashimo ya boliti.

Mambo ya kutokosea: mikono ya chuma isipite mbele ya ekzosi wala mbele ya matundu ya hewa. Kifuniko cha tanki kifunguke bila kuondoa chochote. Kamba ya kuwashia itoke moja kwa moja bila kukwaruza chuma. Na tafadhali usijenge sanduku lililofungwa pande zote. Kila mwaka huletwa sanduku zuri la bati lenye matundu kumi, na jenereta yake inazima kila baada ya nusu saa kwa joto. Wenye kutengeneza jenereta hizi hutaka nafasi ya mita 1 wazi kila upande ikiwa kazini. Kitanda cha chuma kinakupa kufungia bila kuziba pumzi.

Piga praima ya zinki kisha rangi mbili. Uzito unaongezeka kilo kadhaa. Hiyo ni faida.

Kijana_wa_Faza

Kwa nini asichomelee mnyororo moja kwa moja kwenye hicho kitanda? Kufuli moja tu upande wa pili.

FundiKufuli_Langoni

Hapana bwana mdogo. Ule mnyororo umekazwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukiuchomelea, kiungo ulichokigusa na jirani zake vinapashwa tena na kupoa ovyo. Vinarudi kuwa laini, au vinakuwa vya kuvunjika. Umenunua mnyororo wa bei kisha umetengeneza mahali pa kukatia. Pete ichomelewe, mnyororo upitishwe.

BintiKipungani

Salaam nyote. Niongee habari ya mchanga, kwa kuwa wengi wanaokuja kutoka nchi kavu wanagonga kigingi cha hema, wanafunga mnyororo wa bei, wanalala. Kigingi cha sentimita 40 kwenye mchanga mkavu mtoto anaking'oa kwa kukizungusha.

Kwanza tafuta mti. Mvinje mnene au mnazi ni bora kuliko nanga yoyote. Unene uwe wa kukumbatia, si wa kushika kwa mkono, na mnyororo uzungushwe juu ya tawi au kovu ili usiteremke. Mikoko muiache. Mti wenyewe umo ndani ya maji kila siku, na kuukata bila kibali ni kosa.

Pasipo na mti, zika nanga. Chukua ubao mgumu au kipande cha boriti chenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 20. Zungushia mnyororo katikati yake, si kwenye ncha. Chimba mtaro wenye kina cha sentimita 70, laza ubao chali, mnyororo utoke kwa mshazari kuelekea jenereta. Rudisha mchanga kwa tabaka, mwaga maji ya bahari, kanyaga, ongeza tena. Mchanga uliosimama juu ya ubao huo peke yake unapita kilo 130, na ule wa pembeni unaubana zaidi. Hakuna mtu anayeuvuta kwa mikono. Ubao ukikosekana, gunia la nailoni lililojaa mchanga na kufungwa katikati linafanya kazi ileile.

Lakini mchanga unachimbika, tusidanganyane. Mwenye beleshi atafika chini kwa dakika chache. Kwa hiyo zika nanga mahali ambapo mchimbaji atakuwa miguuni mwa mtu aliyelala, kwenye ukingo wa turubai la mbele la hema. Hapo panaleta jambo la pili: jenereta iwe na mahali pa kazi na mahali pa kulala, na visiwe pamoja.

Mahali pa kazi ni mita 6 au zaidi kutoka hema lolote, upande ambao upepo unaondoka. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini na kusini mashariki, basi jenereta ikae kaskazini mwa hema. Wakati wa kaskazi geuza. Moshi wa jenereta una gesi ya monoksidi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu ya kukuamsha, inaua watu usingizini, hata kwa hema lililofunguliwa mlango. Mwizi asikufanye uivute ndani ikiwa inawaka. Hilo sitaki hata kulijadili.

Mahali pa kulala ni kando ya hema, nje, imezimwa, imepoa. Zima, subiri nusu saa, funga bomba la mafuta, funga tundu la hewa la kifuniko, ndipo uihamishe kwenye nanga. Ndani ya hema isiingie hata ikiwa imezimwa, mvuke wa petroli haufai kulala nao.

Na tazama maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa ni kiasi cha mita 3. Tafuta ule mstari wa mwani uliokauka juu kabisa ya pwani, nanga na jenereta vikae juu yake. Ukifika wakati wa maji mafu, yaani siku za maji madogo, ufukwe unaonekana mpana na salama, siku chache baadaye bahari inakuja kuchukua bila mkasi wa boliti.

Mpiga_Hema_MLD

Dada shukran sana. Na boti? Tunataka kupitia Takwa.

BintiKipungani

Takwa boti inaingia kwenye mkondo wa mikokoni maji yakijaa. Ukichelewa unashushwa mbali na unatembea kwenye tope na mizigo kichwani. Jenereta inapotea hapo, si baharini: mzigo wa kwanza unapelekwa, wa pili unabaki pwani bila mtu. Ipange iwe ya mwisho kushuka na ya kwanza kupakiwa, na mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu.

Mokowe vivyo hivyo. Gati lina wabebaji wengi na kila mmoja anataka kukusaidia kwa nia njema. Patana na hamali mmoja, mzigo wote wake, na jenereta ishikwe na mmoja wenu. Itie kwenye gunia au pipa la plastiki lenye mfuniko. Rangi ya ganda na jina la kampuni kubwa ubavuni ni tangazo la bei.

Ndani ya boti usiifunge kwa kufuli kwenye chombo kikitembea. Ifunge kwa kamba kwenye taruma (mbavu za mbao za ndani ya chombo), fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, imesimama wima. Ikilala ubavu, oili inapanda kwenye silinda na kichujio cha hewa, na utaivuta kamba siku nzima. Tanki tupu, karibureta imekaushwa kwa kuiacha iwake hadi izime yenyewe. Ifunike kwa turubai, rasharasha ya chumvi ikiingia kwenye matundu ya hewa inaanza kula shaba ya ndani. Mnyororo na kufuli vianze kazi chombo kikishatia nanga na watu wakishuka.

Umeme12V

Ving'ora. Ile kufuli yenye king'ora inayouzwa mjini, ya desibeli 110, ina betri za kitufe aina ya LR44. Inapiga ikitikiswa. Si mbaya kama nyongeza, ila ina maradhi mawili: huwezi kuitega jenereta ikiwaka kwa sababu ya mtetemo, na hewa ya bahari inaua vigusio vya betri. Paka Vaselini nyembamba ukingoni mwa mfuniko wa betri, si kwenye vigusio vyenyewe, na ijaribu kila jioni.

Bora zaidi ni ya kujitengenezea, vifaa vyake vinapatikana kwa fundi yeyote wa umeme wa magari:

– betri ya volti 12, Ah 7
– rilei ya gari ya pini tano (swichi inayovutwa kwa umeme)
– king'ora cha volti 12
– fyuzi ya ampea 3 na swichi moja
– waya laini wa milimita za mraba 0.5, mita 20 hadi 30

Chanya ya betri ipite kwenye swichi na fyuzi, kisha igawanyike mara mbili. Tawi la kwanza liende pini 30. Tawi la pili litoke nje ya hema, lipite ndani ya ile pete ya kitanda cha chuma, lirudi hadi pini 86. Pini 85 iende hasi. Pini 87a iende king'ora, na king'ora hasi. Waya ukiwa mzima, rilei inavutwa na king'ora kimenyamaza. Waya ukikatwa au kuchomolewa, rilei inaachia, king'ora kinapiga. Mwizi akiukata anajipigia mwenyewe.

Rilei ya namna hiyo hunywa kama ampea 0.15, yaani Ah 1.5 kwa saa kumi. Betri ya Ah 7 inatosha usiku mmoja na zaidi, na jenereta inaichaji mchana. Betri na king'ora vyote vikae ndani ya hema. Ving'ora vinavyowekwa nje juu ya jenereta huzikwa mchangani kwa sekunde tatu, kelele yote inaisha.

Kinachoharibika ni viungo. Usisokote waya na kufunga kwa utepe. Unganisha kwa risasi ya kuyeyusha, vika mpira wa kusinyaa kwa moto. Kiungo kilicholegea kinakupigia king'ora saa tisa usiku bila mwizi, na usiku wa pili mtaizima wenyewe. Waya uzike sentimita 5 watu na kaa wasiukwae.

Wakati jenereta inawaka ulinzi uleule unageuzwa kidogo. Badala ya kitanzi cha waya, 85 na 86 zilishwe na adapta ya volti 12, ile ya ruta, iliyochomekwa kwenye waya wa jenereta unaofika hemani. Umeme ukikatika kwa sababu yoyote, king'ora kinapiga. Mafuta yakiisha pia kitapiga, na hiyo si hasara.

Kijana_wa_Faza

Taa za sola zinazowaka mtu akipita je?

Umeme12V

Zinafaa Marafa na Mambrui karibu na nyumba. Kwenye ufukwe wa kasa, mfano Kiwayu na Watamu, taa nyeupe ya kuelekea baharini acha kabisa, inawapoteza kasa wanaopanda kutaga na watoto wao wanaoshuka. Na makuti yakipeperushwa na kusi yataiwasha usiku kucha.

Mwalimu_wa_Ramani

Traka. Ziko za aina mbili na watu wanazichanganya.

Kitambulisho kidogo kama AirTag hakina laini wala GPS. Kinategemea iPhone ya mtu mwingine ipite karibu. Mjini Malindi au Shela kinaweza kusaidia. Nyuma ya Manda usiku, hakuna iPhone inayopita. Tena humwarifu mwenye iPhone asiyekijua kwamba kitu kinamfuata. Ukiwa nacho kitumie, usikitegemee.

Traka ya GPS yenye laini ya simu na betri yake mwenyewe ndiyo ya kweli. Ukichagua, uliza kama inahifadhi nukta inapokosa mtandao na kuzituma baadaye, kwa sababu kwenye mikondo na visiwa vya mbali mtandao unakatika. Isitegemee umeme wa jenereta, ile tundu ya volti 12 ina umeme injini ikiwaka tu.

Mahali pa kuificha: chini ya ganda, upande wa paneli ya swichi ambako hewa baridi inaingia, mbali kabisa na ekzosi. Betri ya lithiamu haipendi joto la juu ya nyuzi 60. Usiizungushie bati, GPS haioni. Ukishafunga ganda iulize kwa ujumbe mahali ilipo. Isipojibu, ihamishe sasa, usingoje kuibiwa.

Zingatia hili pia: traka nyingi hulala hadi zihisi mtikisiko. Jenereta ikiwaka inazitikisa saa zote, hivyo betri inayoandikwa wiki mbili inaisha kwa siku chache. Ichaji pamoja na simu.

Ikionyesha jenereta iko mahali fulani, usiende mwenyewe na vijana wako. Peleka nukta hiyo polisi pamoja na namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio kituoni.

MzeeWaMarafa

Nimewasoma nyote. Mnafunga chuma vizuri, watu mmewasahau.

Mpiga_Hema_MLD

Shikamoo mzee. Karibu utufunze.

MzeeWaMarafa

Marahaba. Ukifika mahali, kabla hujachagua mti, nenda kajulishe. Ufukweni kuna BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wao wanajua boti ipi ni ya nani na nani analala wapi. Huku kwetu kuna mzee wa mtaa na nyumba kumi, ule ulinzi wa majirani. Omba mlinzi wa usiku kutoka kijiji hicho hicho, kwa jina la mtu anayemdhamini, na mpatane malipo mbele ya huyo mdhamini, nusu jioni na nusu asubuhi. Mlinzi uliyemleta kutoka Malindi hawajui wapitao, wala wapitao hawamwogopi. Mpe tochi, chai na mahali pa kukaa anapoiona jenereta bila kuiegemea. Pakiwa na nyumba yenye stoo, jenereta ikalale huko na asubuhi uichukue. Ni rahisi kuliko nanga zote.

Pili, mlio. Jenereta inayonguruma hadi saa sita usiku inajitangaza kijiji kizima. Iwashe mchana kwa muda wa saa mbili au tatu, ujaze betri ya lithiamu, usiku mtumie betri kimya. Taa za LED na simu za watu sita hazihitaji kVA 2. Friji ndogo ndiyo inayokula umeme zaidi, na samaki wa Mambrui unaweza kuwanunua asubuhi.

Tatu, karatasi. Piga picha namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma, si ile ya stika, stika inabanduliwa. Piga picha risiti. Gonga herufi za jina lako na namba ya simu kwenye kitanda cha chuma na mahali pengine pa siri, kwa stempu za chuma na nyundo, ila si kwenye ganda jembamba la alumini la injini, litapasuka. Kati ya Malindi na Mokowe kuna vizuizi vya polisi. Mwenye jenereta ndani ya gunia na asiye na risiti ndiye atakayeulizwa maswali. Ikiibwa, ripoti mapema upate OB, kisha peleka picha na namba kwa mafundi wa jenereta na wauzaji wa mitumba wa Malindi, Lamu na Mpeketoni. Jenereta ya wizi haikai, inatafutiwa mnunuzi haraka, na mara nyingi inapitia kwa fundi kwanza.

Weldingi_KisumuNdogo

Mzee amesema kweli. Wenye vibanda huwa tunatazama namba mtu akija na jenereta isiyo na mpini na skrubu zimekwaruzwa. Lakini lazima tuwe nayo hiyo namba.

Mpiga_Hema_MLD

Yaliyobaki ni mawili. Marafa gari ipo: nifunge wapi? Na jerikeni la petroli?

FundiKufuli_Langoni

Gari: pete ya kuvutia iliyo kwenye chasi, mbele au nyuma, ndiyo mahali pake. Si bamba, si kitasa, si reli ya juu ya alumini. Pete ya skrubu inayofunguka kwa spana haifai, itafutie tundu la chasi lenyewe. Jenereta iwe chini ya ubavu wa gari usiku, na gurudumu liikaribie kiasi kwamba mkasi hauna nafasi. Ukiifungia ndani ya gari, iwe tanki tupu na mnyororo upite kwenye chuma cha chini cha kiti kilichofungwa sakafuni. Kioo kinavunjwa kwa jiwe, mwizi akikuta mzigo umeshikwa hana muda wa pili. Kuiwasha ikiwa ndani ya buti ili isionekane, hapana, hata mlango ukiwa wazi.

Jerikeni lisikae pamoja na jenereta. Petroli inaibwa mara nyingi kuliko mashine, na mwenye vyote viwili mkononi anaweza kuijaribu jenereta palepale na kupata bei nzuri. Lizike nusu kwenye mchanga wa kivulini, mbali na moto na mbali na hema, mfuniko juu, mita kumi hivi. Ukichomoa kofia ya plagi na plagi yenyewe usiku ukaviweka mfukoni, haitawaka kwa mwizi, ila ziba tundu kwa kitambaa safi. Chembe moja ya mchanga ndani ya silinda inakugharimu kuliko kufuli.

Funguo ziwe mbili kwa watu wawili tofauti, kila moja na boya dogo au kizibo cha chupa. Ile moja msiivue hata mkienda kuogelea, maana hema likiwa tupu ndipo pochi zinapopekuliwa.

Mpiga_Hema_MLD

Nimenakili yote. Kesho kadibodi inakwenda kwa fundi. Gololi za ukubwa gani kwa boliti za M10?

Weldingi_KisumuNdogo

Tundu la M10 ni la funguo ya 8. Ijaribu gololi ya milimita 8, iingie kwa nyundo ndogo, si kwa kidole. Ikiingia kwa kidole tafuta kubwa kidogo. Na kaza boliti vizuri kabla, ukishagonga hakuna kurudi nyuma kirahisi.